Mpera Uliofundwa

Usinge,
8 Oktoba 2023

Shangazi Theodora,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na binti yako Recheli na tumbo lake hawajambo. Mimi sijambo. Nimefika Usinge Jumatatu iliyopita. Shule ina walimu sita. Nimepewa darasa la nne, watoto tisini na wanne. Nyumba ya mwalimu ina vyumba viwili na bati linavuja kona moja tu.

Najua umepiga simu. Nimeizima. Kila aliyepiga alisema pole, mimi nikasema asante, na baada ya miezi miwili ya asante nikaona inatosha. Fikiri, dereva wa fuso, hupita huku kukusanya madumu ya asali, kisha hupita Sikonge. Basi yeye ndiye atakuwa posta yetu.

Ninalokuomba ni kuhusu mpera wa Asnath, ule mdogo wa kwenye chungu. Fikiri atakushushia pamoja na barua hii. Nilitaka kukaa nao, lakini maji ya kisima cha hapa yana chumvi. Wenyeji wanayalalamikia sana. Mimi siisikii hiyo chumvi, lakini mti utaisikia. Wewe una tangi la maji ya mvua.

Uumwagilie asubuhi, kikombe kimoja, mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini ya chungu. Mti ukae barazani upande wa mashariki. Usiutie samadi. Ukichipua, acha jozi mbili za majani, mengine yakate kwa kucha. Ukitoa maua, yachume. Asnath alikuwa akiyachuma kila mwaka. Ule waya wa shaba kwenye tawi la kushoto aliufunga yeye mwezi wa sita ili tawi liiname. Desemba uutoe, maana ukichelewa unazama kwenye ganda.

Ndani ya chungu nimechomeka kijiti chenye alama ya kisu. Ni sentimita arobaini na moja. Ndio urefu uliokuwa nao tarehe kumi na tisa Julai. Tafadhali mti usipite hapo. Ukiandika, niambie tu kama umepita au haujapita.

Salamu kwa wote.
Amon


Sikonge,
7 Novemba 2023

Mwanangu Amon,

Mwangaluka, mwana wane! Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, ingawa umeiandika kama karani anayepiga mhuri. Sisi huku tu wazima. Recheli tumbo limekua, wanasema Januari, na anatembea kama bata anayetafuta pa kutagia. Mumewe Jilala yuko kwenye vitalu vya tumbaku toka asubuhi, akirudi ananuka moshi na hasira. Jirani yangu Mzee Bernardo pumu imembana, lakini bado anaimba kwaya kuliko wenye mapafu mazima. Mvua inatutania tu: inakusanyika, inaguna, inaondoka.

Haya, mti. Fikiri aliushusha akicheka mpaka akashika tairi. "Mama, umeletewa mgonjwa kwenye sinia!" Nami nilipoutazama, kusema kweli, nilijiuliza huyu kiumbe kakosa nini. Miaka sita na haunifiki gotini! Amefungwa waya kama mwizi wa kuku. Babu zako walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, wakarudi na mizigo mingine, lakini sijasikia aliyepewa kubeba mpera kwenye sahani. Bernardo akaja na fimbo yake, akauzunguka, akasema, "Umedumaa huu."

Hapo nikamkumbuka mkeo. Unajua alivyokuwa mkali kwa neno hilo. Kazi yake kliniki kupima watoto, kila siku anaandika kwenye kadi, amedumaa, amedumaa, na kila mama anaondoka kainamisha kichwa kana kwamba kaiba. Siku moja nilikuja kwenu Tabora mjini, nikaikuta ile miti yake imepangwa ukutani kwenye ua wa mwenye nyumba, nikasema, "Asnath, mbona umedumaza miti ya watu?" Akanigeukia na mkasi mkononi. "Shangazi, miti yangu haikudumaa. Imefundwa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa sababu yeye mwenyewe nilimfunda mimi, wiki nzima kabla ya harusi yenu, ndani ya chumba cha Recheli, hata upepo hakupunga. Kumbe alikuwa ananisikiliza!

Sasa nakuja kwenye langu. Nguo za Asnath ziko kwenye begi chini ya kitanda changu. Tulimzika Julai, tukaanua matanga, na wewe ulikuwa umeshaondoka. Mama yake amekuja mara mbili kuuliza zitagawiwa lini. Siwezi kufungua begi la mke wa mtu na mume hayupo, watu watanielewaje? Nakuuliza kwa Kiswahili chepesi: unakuja lini?

Mti nimeuweka mashariki. Haujapita.

Shangazi yako,
Theodora


Usinge,
3 Desemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kusikia hamjambo. Mpe pole Mzee Bernardo. Mimi sijambo.

Shule zimefungwa. Nimejitolea kubaki kulinda majengo likizo hii, kwa kuwa walimu wengine wana familia za kuzirudia. Kazi si ngumu. Juzi nilikula chakula cha mchana mara mbili. Nilikuwa nimesahau kwamba nimeshakula, nikapika tena, na sufuria ya kwanza ikiwa bado ya moto.

Nashukuru kwa habari za mti. Sasa ni Desemba, tafadhali utoe ule waya. Haufunguliwi kwa kuuzungusha. Unakatwa.

Hayo mengine uliyoniuliza, kazi ni nyingi kwa sasa.

Amon


Sikonge,
30 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Usinilaumu kwa kuchelewa, mambo yalikuwa mambo. Recheli amejifungua! Mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, tumempa jina Shukrani. Lakini haikuwa rahisi. Uchungu ulimshika siku tatu, tukakimbizwa Tabora, na mimi nikalala chini kwenye kanga siku kumi na moja. Jilala alikuja na ndizi na macho mekundu. Sasa tumerudi, mama na mtoto wazima, mimi ndiye mgonjwa wa kiuno.

Umeuliza mti. Mti unaishi. Kijiti chako kiko pale pale ulipokichomeka, alama iko pale pale, hakijasogea hata unywele. Maji unapata, tena mengi. Majani ni mabichi, mapana.

Nyumba imejaa akina mama na vyungu vya uji, siwezi kuandika mengi. Ila nina swali linanikera tangu msiba. Siku ile ulisimama kaburini kama nguzo, ukapeana mikono na watu wote hadi wa mwisho. Mimi nilidhani utalia ukiwa peke yako. Ulilia wapi, Amon? Maana hapa hatukukuona, na jirani zenu wa Tabora nao nimewauliza.

Mtoto analia. Begi bado liko chini ya kitanda.

Theodora


Usinge,
25 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu, na mpe Recheli hongera zangu. Kilo mbili na nusu si mbaya, Asnath angesema hivyo.

Umeandika majani mapana. Majani ya mti ule ni madogo, hayazidi kucha ya kidole gumba. Yakiwa mapana maana yake umeutia samadi. Nilikuomba usiutie.

Umeuliza nililia wapi. Sijalia. Si kwamba nimejizuia, Shangazi. Nilisubiri kilio kije na hakikuja. Homa ilimchukua kwa siku tatu, na siku ya nne nilikuwa nahesabu viti vya kukodi. Tangu hapo nikisikia jina lake ni kama kusikia jina la kata fulani. Nalijua, najua liko wapi, basi. Hata darasani kuna mtoto anaitwa Asnath. Namwita kila asubuhi kwenye mahudhurio, anaitika, natia alama, naendelea na anayefuata. Wakati mwingine nafikiri labda sikumpenda, na watu walikuwa wakinipa pole ambayo si yangu.

Huo mti ndio kitu pekee ninachokumbuka kuuliza habari zake bila kukumbushwa. Kwa hiyo nijibu. Ni sentimita ngapi?

Amon


Sikonge,
14 Aprili 2024

Mwanangu Amon,

Marahaba. Barua yako ya Februari imenifikia juzi, imelowa na inanuka asali, maana barabara ilikatika na Fikiri alikwama wiki tatu huko porini na madumu yake. Sisi tunaendelea. Shukrani anacheka sasa, hasa akimwona Bernardo, sijui anacheka ndevu au anacheka kifua kinavyopiga filimbi. Jilala ameanza kuchuma tumbaku.

Pasaka imepita. Alfajiri tulikwenda makaburini kama ilivyo desturi yetu Wamoraviani, bado giza, tunaimba. Mimi na mama yake Asnath tulikuwa tumepalilia Jumamosi. Aliniuliza, "Mume wa mwanangu yuko hai?" Nikamjibu yuko hai, anafundisha. Akasema, "Aha." Sahani yako ilikaa mezani mpaka jioni, ndipo nikamwambia Jilala ale.

Uliyoniandikia nimeyasoma mara nyingi. Eti hukumpenda! Nyamaza kabisa. Nani alikuwa akitembea na mwavuli kumpokea kliniki mpaka wauguzi wakakuita Bwana Mwavuli? Usinichekeshe na mimi nina uchungu.

Kuhusu sentimita, mimi rula sina. Mti haujambo kuliko wewe. Ukitaka kuupima, nyumba hii ina mlango na mlango haufungwi mchana.

Theodora


Usinge,
18 Agosti 2024

Shangazi,

Fikiri amenieleza. Amesema huku anacheka: "Mwalimu, ule mgonjwa wako amepona, yuko nyuma ya bafu, anamfika mama kifuani, na mbuzi wameshaanza kumtamani."

Nyuma ya bafu. Mti wa Asnath umeupanda kwenye maji ya kuogea.

Nani kakuruhusu? Nilikuomba vitu saba tu, Shangazi, saba, na mtoto wa darasa la nne angevikumbuka. Miaka sita aliukata mizizi kwa mkasi wa kucha. Kila jani la mti ule alilipitisha kwenye vidole vyake. Ulikuwa na urefu aliouacha yeye, na ule urefu hauko tena popote duniani, umeufuta wewe kwa jembe na ndoo. Na bado ukaniandikia eti kijiti hakijasogea. Umenifanya mjinga. Kama ulikuwa umechoka kuutunza ungeniambia, ningekuja kuuchukua kwa miguu.

Hilo begi ligawe, litupe, fanya utakavyo, si ndiyo kawaida yako.

Amon


Sikonge,
27 Oktoba 2024

Amon,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Nimekaa nayo wiki tisa kwa makusudi, Fikiri amepita mara mbili nikamwambia sina mzigo.

Siku ya kwanza nilikasirika. Nilisema huyu mtoto niliyemlea baada ya mama yake kufariki, niliyemfulia nepi, leo ananiita mwongo kwenye karatasi? Nikaitupa juu ya kabati. Siku ya pili nikaishusha nikaisoma tena, nikaona pale ulipoandika "nani kakuruhusu" kalamu imetoboa karatasi. Nikamwita Recheli. Nikamwambia, "Njoo uone, Amon yu hai." Mwaka mzima umeniandikia kama mtu anayejaza fomu ya serikali ya mtaa. Sasa umenitukana. Ahsante. Lakini marahaba siandiki. Nimeiweka hapa mlangoni, ukija na shikamoo yako utaichukua.

Sasa nikueleze, nawe usinikatize.

Tulipokimbilia Tabora na Recheli, mti nilimwachia Bernardo. Kikombe kimoja kila asubuhi, nilimwambia, akaapa. Siku ya pili pumu ikamlaza. Mvua ilinyesha siku zote kumi na moja, lakini barazani mvua haifiki, mti ulikuwa unaisikia tu. Niliporudi nilikuta majani yote yako sakafuni, makavu, yanavunjika kama chapati ya jana. Nikaukwangua ganda kwa kucha. Kahawia. Nikashuka chini, kahawia. Pale karibu kabisa na udongo, linapoanzia tawi la kushoto, nikakuta ubichi kidogo, upana wa uzi.

Nikatafuta kalamu nikuandikie. Nikaandika "Mwanangu Amon," halafu nikakaa. Niseme nini? Kwamba na mti nao? Wewe, uliyenipa kitu kimoja tu unachokikumbuka? Karatasi ile ninayo, ina maneno mawili, ukitaka utaiona.

Basi nikaugonga chungu, ukatoka mzima mzima. Mizizi imejizungusha ndani mle kama kata ya kubebea mzigo kichwani, hakuna hata nafasi ya kupita sisimizi. Nikachimba shimo nyuma ya bafu, kwa sababu pale maji hayakatiki na mimi sikujiamini tena kukumbuka kikombe. Wiki moja kimya. Kila nikienda kuoga nauangalia. Asubuhi moja naona kidude chekundu chini ya shina, kidogo kama punje ya mtama. Nilipiga vigelegele peke yangu kwenye kanga, na sabuni sikioni. Nikamwamsha mtoto.

Nilikudanganya. Kijiti kweli hakijasogea, maana kiko kwenye chungu na chungu kiko barazani kitupu, lakini nilijua unachouliza na nikakujibu kingine. Kwa hilo naomba radhi, mimi mkubwa wako.

Kwa kuupanda siombi. Nimefunda wasichana kwenye wilaya hii miaka ishirini na sita. Mwali tunamweka ndani, kweli. Anaambiwa asicheke sana, asile hiki, akae hivi, ainamishe shingo hivi. Anakatwa huku na huku kama mti wako. Lakini kuna siku ya kumtoa, Amon! Ndiyo sababu ya yote. Hakuna kungwi anayemfunda mwali ili akae ndani mpaka azeeke, huyo atakuwa mchawi. Neno hilo alilichagua mkeo mwenyewe. Alisema imefundwa. Basi mimi nikafanya linalofuata baada ya kufundwa.

Kosa langu ni moja na ninalala nalo. Waya. Kwa yale mahangaiko niliusahau, na uliniagiza mara mbili. Nilipoukumbuka ilikuwa Juni. Lile tawi la kushoto ni moja ya sehemu zilizofufuka, limenenepa, na waya umezama ndani. Sehemu nyingine naona mgongo wake, sehemu nyingine ganda limeshafunika. Tawi lina mistari kama kiwiko cha mtoto mnene. Jilala alikuja na plaizi nikamfukuza. Aliufunga Asnath kwa mkono wake, na mimi sijui unakatwa kuanzia wapi. Niliogopa.

Na jambo la mwisho. Umetoa maua. Nimehesabu kumi na manne, meupe, na nyuki wa mizinga ya Jilala wameshayagundua. Uliniambia yachumwe. Sijayagusa. Safari hii sifanyi kitu bila ruhusa yako: yachumwe au yaachwe?

Begi sijaligawa. Nani agawe, kwa amri ya mtu mwenye hasira?

Theodora


Usinge,
1 Desemba 2024

Shangazi Theodora,

Barua yako ilinikuta nasahihisha mitihani ya darasa la nne. Niliisoma, nikamaliza kusahihisha, nikaisoma tena. Nilikuwa nimempa mtoto mmoja alama mara mbili kwa swali lile lile. Sikuzifuta.

Hongera kwa maendeleo ya Shukrani, Fikiri ameniambia anatembea kwa kushika ukuta. Na Mzee Bernardo umwambie sina kinyongo, mgonjwa halaumiwi.

Kuna jambo nilikuficha na mimi. Umekiri lako, nami nikiri langu.

Unakijua kiwanja chetu cha Ntalikwa. Tulikinunua mwaka 2020 na nikajenga msingi. Kila mwaka Asnath aliuliza tunahamia lini, na kila mwaka nilisema mwakani. Mara saruji, mara fundi, mara uhamisho. Yeye alitaka hata chumba kimoja, turubai juu, alimradi kwetu. Mimi nilitaka nyumba imalizike kwanza. Miti yake mingine aliigawa kwa wenzake kazini, ila huu mpera aliung'ang'ania. Kila alipochuma maua alikuwa akiuambia, namsikia, "Subiri kidogo. Tukipata kwetu nakutoa, uzae utakavyo." Mwezi wa sita alipofunga ule waya aliniambia anainamisha tawi hilo ili likikua lisije likagonga dirisha la jikoni. Jikoni kule Ntalikwa, Shangazi. Alikuwa anafunga mti wa kwenye chungu kwa ajili ya dirisha ambalo sikulijenga.

Nilikuwa nayajua haya yote siku niliyochomeka kijiti. Niliona kwamba mti ukibaki pale pale, basi ile "mwakani" yangu nayo haijapita. Ndiyo sababu sikutaka ukue. Haikuwa kwa ajili yake, ilikuwa kwa ajili yangu. Wewe umefanya lililokuwa langu, na mimi nikakutukana. Nisamehe.

Sijalia bado. Sitaki kukudanganya uanze kupiga vigelegele bafuni. Ila Jumatano nilikunywa maji ya kisima cha hapa, nikayatema. Yana chumvi! Ni mabaya sana, sijui watu wanaishije nayo. Nilisimama pale na kikombe nikashangaa kwamba nimeyanywa mwaka mzima.

Maua yaache. Yaliyokwisha kushika, yaache yote.

Waya mtu asiuguse. Nina plaizi ndogo ya Asnath, ile yenye mpini wa bluu, nilikuja nayo huku bila sababu. Waya unakatwa vipande vifupi vifupi kuanzia nchani, kila mzunguko peke yake, kisha unavuta taratibu. Alinifundisha yeye. Pale ulipozama kabisa tutauacha ndani. Mti utaishi nao.

Mwambie mama yake Asnath aje Jumapili ya tarehe nane, tufungue begi pamoja. Mwambie mume wa mwanawe yuko hai.

Shule inafungwa Ijumaa. Fikiri anapeleka barua hii leo na atarudi kunichukua, Jumamosi nitakuwa juu ya madumu yake ya asali. Usipike kwa ajili ya watu, niwekee sahani moja tu.

Utaona kwamba pale juu sikuandika shikamoo. Safari hii si kwa hasira. Ninakuja nayo.

Amon